Ugonjwa Unaotembea kwa Miguu Yetu

(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji wa nguruwe, Merigi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wanakikundi ambao hawakuweza kufika.)

Akina mama, wazee wetu, vijana, viongozi wa vikundi: Tunajua kwamba aliyeketi hapa asubuhi hii ameacha majani chai shambani, na kilo za leo hazitamngoja.

Tulipotangaza mkutano huu, wengine waliuliza: "Ninyi watu wa maendeleo mmeanza lini kuwa madaktari wa mifugo?" Hatujaanza. Sisi tulisomea kazi ya jamii, na katika diploma yetu hapakuwa na somo la nguruwe. Lakini ukifanya kazi na vikundi vya akina mama, kazi yenyewe itakuongoza mpaka bandani. Hapa kwetu ng'ombe ni mali ya boma zima, na mara nyingi neno la mwisho juu ya ng'ombe ni la mzee. Nguruwe aliingia juzi tu, na akina mama wengi wakamchukua kwa sababu ni mnyama ambaye mama anaweza kumwuza mwenyewe akalipa karo. Nguruwe akifa, mtoto hurudishwa nyumbani kutoka shuleni. Hapo ndipo ugonjwa wa nguruwe unapokuwa kazi yetu.

Na tuna deni kwenu. Wacha tulitaje mapema, ndipo tuendelee.

Deni letu

Mwaka juzi kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kilikuwa na nguruwe 25. Siku moja tukaletewa habari kwamba nguruwe wa mama mmoja amekufa ghafla, na wa pili amelala, hali. Tukaenda kumpa pole, kama inavyotupasa. Tukaingia bandani na gambuti zetu. Tukamgusa yule aliyelala: masikio yalikuwa mekundu, mwili moto, na hakutaka kuinuka. Tukaketi na mama, tukasali naye. Halafu, kwa sababu tulitaka kusaidia, tukapita siku hiyo hiyo kwa wanakikundi wengine watatu kuwaambia wajihadhari.

Tulipita na gambuti zile zile.

Siku ya tisa nguruwe walianza kuanguka katika boma mbili kati ya zile tatu. Baada ya wiki tatu kikundi kilibaki na nguruwe wawili. Hatuwezi kuthibitisha kwamba sisi ndio tulioupeleka. Kulikuwa na dume la kupandisha lililokuwa likizungushwa boma kwa boma, na kulikuwa na mnunuzi aliyepita hapo juma lililotangulia. Lakini tukihesabu siku, hesabu inatuangukia sisi pia.

Yule mama hakutulaumu. Alisema neno moja tu, na hatujalisahau: "Niliwaona mkitoka hapa kwenda kwa jirani, mkaenda na matope yangu."

Tangu siku hiyo tukaanza kuuliza na kusoma juu ya ugonjwa huu unaoitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Tukagundua jambo la kutuaibisha kidogo. Dunia nzima sasa inaujua, lakini wa kwanza kuandikwa ulikuwa hapa Kenya, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ulijulikana kwanza hapa kwetu

Walowezi wa Kizungu walipoleta nguruwe wa Ulaya katika nchi hii, wanyama hao walianza kufa kwa wingi kuanzia mwaka 1909 na 1910. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, akachunguza. Mwanzoni watu walidhani ni ile homa ya nguruwe iliyokuwa ikijulikana Ulaya. Akajaribu dawa ya kinga iliyotengenezwa kwa homa ya Ulaya, isisaidie kitu. Akaona huu ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1921 alichapisha taarifa yake. Katika milipuko 15 aliyoieleza, nguruwe 1,366 waliingia katika hesabu, wakafa 1,352. Walipona 14 tu.

Sikilizeni hesabu hiyo vizuri, maana haijabadilika sana. Aina kali ya ugonjwa huu bado huua karibu kila nguruwe wa kufugwa inayempata. Kuanzia siku kiini kinapoingia mwilini mpaka dalili zionekane huchukua kama siku 4 hadi 19. Homa hupanda, nguruwe huacha kula, hujikunyata pamoja na wenzake, hupenda kulala. Ngozi ya masikio, tumbo na miguu huwa nyekundu au ya zambarau. Jike lenye mimba hutupa. Wengine hutoka damu puani au nyuma. Wengine hufa kabla hujaona dalili yoyote. Hakuna dawa ya kutibu. Sindano utakayouziwa ni pesa zako zinazokwenda tu.

Jambo moja la kutuliza moyo: ugonjwa huu haumwambukizi binadamu. Hauingii kwa ng'ombe, mbuzi wala kuku. Ni wa jamii ya nguruwe peke yao.

Ngiri na papasi

Sasa, ulitoka wapi? Montgomery mwenyewe aliwashuku nguruwe wa porini. Mashamba ya walowezi yalikuwa wazi, na usiku ngiri waliingia. Watafiti waliomfuata walithibitisha kwamba ngiri hubeba kiini hiki katika damu bila kuugua. Katika miaka ya 1960 kiini kilipatikana Kenya pia katika yule nguruwe mkubwa mweusi wa msituni, ambaye wazee waliokaa karibu na msitu wa Mau wanamjua.

Lakini kulikuwa na fumbo. Ngiri mzima anakaa karibu na nguruwe wa kufugwa, na mara nyingi hamwambukizi. Basi ugonjwa unavukaje? Jibu lilipatikana katika mashimo. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamekuta kiini hicho ndani ya papasi waliokusanywa katika mashimo ya wanyama huko Tanzania. Plowright ni yule yule aliyetengeneza chanjo ya sotoka akiwa Muguga, chanjo iliyookoa ng'ombe wa baba zetu.

Papasi mnamjua. Ni jamii ya kupe asiye na gamba gumu, anayejificha katika nyufa na udongo mkavu, anatoka usiku, anauma kwa muda mfupi, anarudi kujificha. Kitoto cha ngiri huumwa na papasi shimoni katika wiki zake za kwanza, kiini kinazunguka katika damu yake kwa muda, na papasi wengine wakimnyonya wanakichukua. Papasi anaweza kukaa na kiini kwa miaka, na jike humrithisha hata yai lake. Ndivyo kiini kilivyoishi Afrika ya Mashariki na ya Kusini bila kumdhuru mtu, mpaka tulipomleta mnyama ambaye mwili wake haukukijua.

Walowezi walipoanza kuweka nguruwe ndani ya ua mara mbili, ngiri asifike, ugonjwa ulipungua katika mashamba yao. Somo hilo la ua bado ni kweli kwa wenzetu wanaoishi karibu na mbuga, upande wa Narok.

Lakini hapa Merigi, jameni, ngiri yuko wapi? Tuna majani chai mpaka mlangoni. Kama wangekufa kwa sababu ya ngiri, wangekufa wa Narok kwanza. Wa kwetu wanakufa kwa njia nyingine.

Nani anaueneza?

Hebu tusafiri kidogo, tutarudi nyumbani.

Mwaka 1957 ugonjwa huu ulionekana Ureno, karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Uliingiaje? Nguruwe walikuwa wamelishwa makombo ya chakula kutoka kwenye ndege. Mwaka 2007 ulitokea Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, na wataalamu wanaona kwamba uliingia kwa makombo ya meli katika bandari ya Poti, kutoka kusini mashariki mwa Afrika. Kutoka hapo ukaenda Urusi na Ulaya. Agosti 2018 ukaonekana China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nchi yoyote. Ndani ya mwaka mmoja tangu hapo ulikuwa umefika katika majimbo yote ya China bara. Mwaka 2021 ukavuka mpaka Jamhuri ya Dominika na Haiti.

Ngiri hawakupanda ndege kwenda Lisbon. Hawakupanda meli. Waliosafiri ni watu, na watu walibeba nyama. Kiini hiki ni kigumu. Katika nyama iliyogandishwa hukaa miaka, katika nyama ya kukaushwa na chumvi hukaa miezi, katika damu iliyowekwa kwenye baridi hukaa zaidi ya mwaka mmoja. Kinakufa kwa moto wa kweli, yaani chakula kilichochemka nusu saa huku kikikorogwa.

Sasa turudi. Yule kijana anayechukua machwara katika hoteli za mjini Bomet na kuyaleta kwa pikipiki, anatofautiana nini na wale wa Lisbon? Ndani ya ndoo ile kuna mifupa. Mfupa wa nyama ya nani? Hakuna anayejua. Ukiyamwaga moja kwa moja katika bakuli la nguruwe wako, umecheza kamari na karo ya mtoto.

Watafiti walikuja karibu nasi zaidi. Magharibi mwa Kenya waliwafunga nguruwe kumi vifaa vya kuonyesha mahali walipo, nguruwe wa kawaida wa vijijini wanaofunguliwa. Wakakuta kwamba nguruwe hao walikaa karibu nusu ya muda wao nje ya boma la mwenyewe. Mwenyewe anadhani nguruwe wake yuko nyumbani, kumbe amekula kwa jirani, amelala kwa jirani, na ameokota kilichotupwa na jirani.

Katika mpaka wa Kenya na Uganda walichukua damu ya nguruwe walioonekana wazima kabisa, wakakuta kiini ndani ya baadhi yao. Kwa hiyo kumtazama nguruwe kwa macho na kusema "huyu ni mzima, anakula" haitoshi. Huko huko walifuata nyayo za wanunuzi, wakaona jinsi mnunuzi mmoja anavyounganisha vijiji vingi: leo anaingia banda hili kupima mnyama, kesho lile, na kamba ile ile, na viatu vile vile.

Tuliposoma hayo tulinyamaza. Mnunuzi na mtu wa maendeleo, mbele ya kiini hiki, hawana tofauti. Wote wawili huzunguka boma kwa boma.

Chanjo iko wapi?

Hili ndilo swali mnalotuuliza kila mara, na mna haki. Chanjo ya sotoka ilipatikana. Ya nguruwe imekwama wapi?

Kwanza, kiini chenyewe ni kikubwa kuliko vingi vya aina yake. Kina jeni zaidi ya 150, na nyingi zinajua kuudanganya mwili. Mwili wa nguruwe hutengeneza kinga, lakini kinga hiyo peke yake haikizuii vizuri. Pili, kuna aina nyingi za kiini hiki. Wataalamu walizipanga katika makundi zaidi ya 20. Ile iliyotoka Georgia mpaka China ni aina ya 2. Zile zilizoonekana zaidi Kenya na Uganda ni ya 9 na ya 10. Chanjo ya aina moja si lazima izuie nyingine.

Tatu, haraka imewahi kuleta hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Ureno na Hispania, nguruwe walichanjwa kwa kiini kilichopunguzwa makali kabla hakijajaribiwa vya kutosha. Wengi waliugua ugonjwa wa muda mrefu: viungo kuvimba, mapafu kuharibika, vidonda vya ngozi. Ndiyo maana watafiti wanakwenda polepole.

Lakini wanakwenda. Vietnam iliruhusu chanjo zake za aina ya 2, kwanza mwaka 2022 kwa uangalifu, kisha mwaka 2023 kwa biashara. Na hapa Kenya, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ambayo iko Nairobi upande ule ule wa Kabete, kuna watafiti wanaoshughulikia aina ya 9, ile ya kwetu. Mwaka 2021 walichapisha jinsi wanavyoweza kukata jeni fulani ndani ya kiini kwa njia ya haraka kuliko ya zamani, wakitafuta kiini dhaifu kitakachofundisha mwili bila kuua. Ni kazi nzuri, tuwaombee. Lakini dawa hiyo haijafika duka la mifugo hapa. Mtu akikuletea kichupa sokoni akisema ni chanjo ya homa ya nguruwe, mwulize imetoka wapi, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Basi tungoje? Hispania haikungoja chanjo. Kuanzia mwaka 1985 walipeleka madaktari wa mifugo vijijini, wakapima damu, wakajenga mabanda bora, wakawalipa wafugaji waliouawa nguruwe wagonjwa. Mwaka 1995 ugonjwa ukaisha katika nchi ile, ukakaa mbali miaka 30, mpaka ulipoonekana tena kwa nguruwe mwitu karibu na Barcelona mwezi wa Novemba 2025. Mnaona mambo mawili hapo. Unaweza kufukuzwa bila chanjo. Na ukilegeza mlango, unarudi.

Kwa nini tunauza nguruwe mgonjwa

Sasa tufike mahali panapouma. Wacha tuseme ukweli hata kama hapa kuna wanunuzi na wachinjaji.

Nguruwe wa kwanza akilala, tunafanya nini? Tunampigia simu mnunuzi. Anakuja jioni jioni, anatoa nusu ya bei au chini ya hapo, anachinja usiku, na asubuhi nyama iko mbali. Damu na matumbo yamebaki kwenye mtaro, na mbwa wameyatawanya. Kwa jirani hatusemi kitu. Tunaogopa kuchekwa, tunaogopa soko litafungwa, tunaogopa kusemwa kwamba boma letu lina laana.

Watafiti waliwauliza wafugaji wa kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, mambo hayo hayo. Walichokuta ni hiki: watu wengi walijua kabisa kwamba kuuza mnyama mgonjwa kunaeneza ugonjwa. Walijua, na wakauza. Hawakuwa watu wabaya. Mtu aliyebakiwa na nguruwe mmoja na deni la chama hawezi kumzika mnyama ambaye bado anaweza kumpatia shilingi.

Kwa sisi wa kazi ya jamii, huo ndio utafiti uliotufungua macho kuliko wote. Tulidhani kazi yetu ni kufundisha. Tumefundisha, tumegawa karatasi, tumechora picha. Kumbe elimu haimzuii mtu mwenye njaa asiuze. Ukimwambia mama azike nguruwe wake kwa faida ya majirani, lazima majirani nao wawe na neno la kumwambia huyo mama.

Na tusidanganyane kuhusu fidia. Ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kwa sheria, na daktari wa mifugo wa serikali ana uwezo wa kufunga eneo na masoko. Lakini kama unangoja fidia ndipo useme, utangoja sana, na wakati unangoja kiini kimeshavuka mto.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo, mlijadili leo hii. Tuanze mfuko wa nguruwe. Kila mwanakikundi mwenye nguruwe atoe shilingi 20 kwa wiki. Kikundi cha watu 30 kitakuwa na shilingi 600 kwa wiki, na kwa mwaka 31,200. Haitalipa thamani ya jike kubwa. Lakini itamwezesha aliyepoteza kuanza tena na vitoto viwili. Sharti liwe moja: unalipwa ukiwa umesema siku ile ile, na umezika. Aliyeuza usiku halipwi. Aliyenyamaza halipwi. Pesa zikae benki kwa jina la kikundi, watia sahihi watatu, na daftari lisomwe kila mwezi mbele ya wote. Mnajua vikundi vimekufa kwa sababu ya daftari.

Mambo ya kuanza nayo wiki hii

Hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji kuzoea.

Kwanza, nguruwe akae bandani saa zote, na mlango ufungwe. Asifunguliwe hata baada ya mavuno.

Pili, machwara yachemshwe nusu saa na yakorogwe. Kama huna kuni za kuchemshia, usiyalete nyumbani.

Tatu, kitoto kipya au jike jipya likae peke yake siku 30, mbali na wengine, na lilishwe mwisho, baada ya wengine wote.

Nne, weka gambuti moja ya bandani isiyotoka bandani. Mgeni asiingie. Mnunuzi atazame akiwa nje ya ua. Akitaka kupima mnyama, mtoe mnyama nje ya banda, na akitolewa asirudi ndani siku hiyo hiyo kama soko limeshindikana. Mtenge.

Tano, penye mlango weka karai la maji ya dawa ya kuua viini, kama Jik. Lakini sugua matope kwanza kwa sabuni, maana dawa haiingii ndani ya tope. Dawa ibadilishwe kila siku.

Sita, dume la kuzungushwa boma kwa boma tuliache. Atakayepeleka jike kwa dume ajue anapeleka na kurudisha.

Saba, nguruwe akilala na homa, usichinje, usiuze, usihamishe wengine kuwaficha kwa shangazi. Mwambie kiongozi wa kikundi, chifu na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Daktari ndiye atakayechukua damu ipimwe, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayofanana na huu, na mengine yana dawa. Akifa, azikwe shimo refu mbali na mto, na udongo uwe mwingi juu yake, mbwa wasifukue.

Na baada ya msiba, banda lioshwe, lipigwe dawa, likae tupu siku 40. Kwaresima tunaimaliza, na hiyo tutaimaliza. Halafu weka nguruwe mmoja au wawili kwanza, uwaangalie wiki sita, kabla ya kujaza banda.

Sisi wenyewe tumebadilika hivi

Haitakuwa haki tuwafundishe ninyi na sisi tubaki tulivyo. Ofisi yetu imekubaliana mambo matatu, na tunaomba mtukemee tukiyavunja.

Hatuingii tena katika banda la mtu yeyote. Tutazungumza chini ya mti au jikoni. Siku tukienda kwenye boma lenye mnyama mgonjwa, hatuendi boma lingine siku hiyo. Tunarudi, tunafua nguo, tunaosha viatu, hata kama gari la ofisi limepangiwa safari tano. Na vitoto vya mradi havitanunuliwa tena sokoni kutoka kwa watu kumi tofauti. Vitatoka kwa mfugaji mmoja anayejulikana, na vitakaa siku 30 mahali pamoja kabla ya kugawiwa. Wengine watalalamika kwamba tumechelewa kuleta. Afadhali lawama hiyo.

Yule mama aliyetuambia juu ya matope yupo hapa leo, na ametupa ruhusa ya kueleza kisa chake bila jina. Mwezi uliopita aliweka vitoto viwili. Tulipokwenda kumwona alitusimamisha langoni, akatuletea viti huko huko nje, na chai. Hatukuviona vitoto, tulivisikia tu. Chai ilikuwa nzuri.

Sasa muda ni wenu. Mwenye swali aulize, na mwenye kupinga habari ya mfuko apinge hapa, si njiani. Kabla hamjatoka, pale mlangoni kuna makarai mawili, moja la maji na sabuni na la pili la dawa. Sugueni viatu katika la kwanza, kisha mkanyage la pili. Sisi tutaanza.